Laurean Rwegoshora na Elki Aliyemtafuta Siku Tatu

Aliyenieleza kwanza jambo lililotokea mlimani ni Mzee Mohinder, rafiki wa marehemu kwa miaka thelathini, aliyefika nyumbani kwetu hapa Barking jioni ya Jumanne tarehe 23 Septemba 2025, siku moja baada ya msiba, akavua viatu mlangoni, akakataa chai, akaketi, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Mama Anastella, hiyo karatasi mtasoma kanisani, kama iko na uongo, mimi nitasimama nitoke nje." Karatasi aliyoitaja ni ile ambayo Mzee Fanuel, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa ametuandalia kwa moyo mwema, na ndani yake palikuwa na sentensi iliyosema kwamba mwaka jana marehemu alimwangusha elki mkubwa wa Marekani kwa risasi moja, kama wengi wenu mlivyoamini tangu mlipoiona ile picha kwenye simu zenu. Nami niliamini hivyo mpaka jioni ile.

Mimi naitwa Elinaja, au Mama Anastella kwa binti yetu mdogo aliyepewa jina la mama wa marehemu, ni mke wa Geofrey, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imeniomba nisome kwa sababu Geofrey na dada yake Editha walizaliwa hapa London, Kiswahili wanakielewa, lakini kukisoma mbele za watu kunawashinda. Sijazoea kusimama hivi, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Marehemu Laurean Rwegoshora alizaliwa tarehe 9 Agosti 1960 wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Deogratias Rwegoshora na Mama Anastella, ambao wote wawili wametangulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1968 huko huko Biharamulo, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akabaki nyumbani akilima na kuchunga mbuzi wa baba yake, na mara nyingi alikuwa akisema kwamba mbuzi ndio waliompa elimu ya pili, kwa sababu mbuzi akipotea Mzee Deogratias hakutaka maelezo, alitaka mbuzi.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa mbeba mizigo katika pori la akiba, mwaka 1982 alipelekwa kusoma katika chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, Mwanza, na kuanzia mwaka 1983 hadi mwaka 1989 alifanya kazi ya askari wa wanyamapori, au bwana nyama kama wenyeji wanavyowaita, akiongoza wageni waliokuja kuwinda kwa vibali na kufuata nyayo za wanyama waliojeruhiwa. Katika kazi hiyo alifundishwa na wakubwa wake kanuni mbili ambazo hakuziacha maisha yake yote. Ya kwanza ni kwamba mnyama aliyepigwa tumboni jioni hafukuzwi, maana ukimfukuza atakwenda mbali na damu itakatika, bali anaachwa alale karibu, na asubuhi unafuata damu iliyokauka juu ya majani mpaka unapoufikia mwili wake. Ya pili ni kwamba mnyama ukishamtoa damu ni wako, umpate usimpate, kibali chako kimekwisha hapo, na mgeni aliyejeruhi nyati akampoteza alirudi kwao na hesabu ya nyati mmoja, hata kama hakuondoka na unyoya.

Tarehe 3 Februari 1990 marehemu alifika London kwa mwaliko wa dada yake, marehemu Paskazia, aliyekuwa muuguzi, akafanya kazi ya kusafisha ofisi kwa miaka minne, kisha mwaka 1994 akaajiriwa katika kikosi cha kutengeneza reli, kazi ya kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, na kukaza misumari mvua ikinyesha na baridi ikiuma, na akaifanya kwa miaka ishirini na minane mpaka alipostaafu mwaka 2022. Huko ndiko alikokutana na Mzee Mohinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu na mkazi wa Southall, aliyekuwa msimamizi wa kikosi, na walijuana siku ambayo taruma lilimwangukia Mzee Mohinder mguuni, akapiga kelele, "Mama yangu wee, nimekufa!" na mtu mmoja katikati ya wazungu na Wapolandi akamjibu bila kuinua kichwa, "Pole mzee, ila ukifa nani atatusainia saa za ziada?" Tangu siku hiyo walikula chakula cha mchana pamoja, huyu chapati za mkewe, huyu ndizi za mkewe, wakibadilishana vyombo.

Tarehe 20 Juni 1992 marehemu alifunga ndoa takatifu hapa London na Generosa, binti wa Muleba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Geofrey mwaka 1993 na Editha mwaka 1996. Mama Generosa alifariki ghafla kwa kiharusi tarehe 5 Mei 2014, na waliomfahamu marehemu Laurean wanasema kwamba baada ya hapo alikwenda kazini na kurudi, akapika na kula, lakini maneno yalimwisha.

Septemba ya mwaka huo Mzee Mohinder alimchukua wakasafiri pamoja kwenda Marekani, katika jimbo la Colorado, kumtembelea mdogo wake aliyehamia huko, na asubuhi moja Sunny, mtoto wa huyo mdogo wake, aliwapandisha milimani kwa gari kutazama wanyama. Huko marehemu alimsikia elki kwa mara ya kwanza. Kwa wale wasiomjua, elki ni ayala mkubwa, mwili wake kama wa ng'ombe dume, pembe zake zina matawi kama mti uliopukutisha majani, na dume anapoita majike sauti yake huanza kama filimbi na kumalizika kama mtu anayekohoa. Mzee Mohinder anasema kwamba marehemu aliposikia sauti ile alishuka garini, akainama, akatazama ardhi, akasema, "Amepita hapa alfajiri, na majike wawili, mmoja anachechemea," na Sunny, ambaye alizaliwa huko, akamwuliza Mzee Mohinder, baba yake mkubwa, kwa Kiingereza kama huyu mzee ni mchawi. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza ambayo marehemu alikuwa ameisema tangu Mei.

Akarudi na nia moja. Milima ile ni ardhi ya umma, haina geti wala mwenyewe, mtu yeyote mwenye kibali anapanda kwa miguu yake na kulala katika hema lake, tajiri na maskini wakiwa sawa mbele ya mteremko, lakini vibali vya sehemu ile ni vichache, vinatolewa kwa kura, na mgeni wa nje ya jimbo hungoja zaidi, akipata pointi moja kila mwaka anaoomba na kukosa, mpaka pointi zake zitoshe. Marehemu aliomba Aprili ya mwaka 2015, akakosa, akaomba mwaka 2016, akakosa, na akaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, akafanya mafunzo ya usalama wa bunduki yanayotakiwa kule, akajifunza ramani za milima ile mpaka akawa anataja mabonde yake kama mtu anayetaja vituo vya basi la kwenda kazini. Geofrey alimwuliza mara moja kwa Kiingereza kwa nini asinunue nyama Southall, ipo ya kila aina, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Huko nitainunua, mwanangu, lakini sitaitafuta." Na kila mtu alijua kwamba nyama yenyewe hairuhusiwi kuingizwa Uingereza, ingeliwa na jamaa za Mzee Mohinder kule kule, yeye alichotaka ni kipande kimoja cha ini, kikichomwa pale pale mnyama alipoangukia.

Mwezi Februari mwaka 2024 marehemu alianza kukohoa kikohozi kikavu kisichoisha, akapimwa, na madaktari wakamweleza kwamba mapafu yake yalikuwa yanakakamaa, kwamba kuna dawa za kupunguza kasi lakini hakuna za kuponya. Mwisho wa Mei, baada ya miaka tisa, kibali kilitoka. Daktari wake hakumkataza wala hakumruhusu, alimweleza tu kwa upole nini kinaweza kumpata mtu mwenye mapafu kama yake akipanda penye hewa nyembamba, na marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwuliza mtu wa namna hiyo afanye mazoezi gani.

Ndipo majirani wa jengo letu walipoanza kumwona kila asubuhi akipanda ngazi zote za ghorofa kumi na nne, begi mgongoni lenye kilo kumi za mchele, hatua kumi, pumziko, hatua kumi, pumziko. Bi Mardhiya wa ghorofa ya tisa alikuwa akimfungulia mlango na kumsimanga kwa Kiunguja chake, "Babu Laurean, lifti ipo na kodi unalipa, hayo mateso nani kakutuma?" naye alikuwa akimjibu akiwa ameshika ukuta, "Nimetumwa na mnyama, Bi Mardhiya, naye hapandi lifti." Mwezi Juni alifika ghorofa ya tano, mwezi Agosti ya kumi, na tarehe 19 Oktoba alifika ya kumi na nne, akatupigia simu kutoka juu kutuambia.

Wakati wa kufunga mizigo, kwa kuwa sheria ya kule inamtaka mwindaji avae rangi ya chungwa inayong'aa ili wenzake wasimpige risasi, marehemu alitaka kuchukua kizibao chake cha kazini, na Mzee Mohinder akamwambia, "Wewe bwana, unaenda kuwinda ama unaenda kubadilisha mataruma? Elki atakuuliza treni ya saa ngapi." Akamnunulia kingine.

Walipanda mlima Ijumaa tarehe 8 Novemba 2024, marehemu, Mzee Mohinder na Sunny, wakapiga hema mahali penye kimo cha mita elfu tatu, zaidi ya nusu ya Kilimanjaro, na msimu ulianza kesho yake na ulikuwa wa siku saba tu, ukiisha Ijumaa tarehe 15 jua linapozama. Siku tatu za kwanza waliona ayala wengi wa aina nyingine, wadogo kuliko elki, wenye masikio marefu kama ya punda, wakipita karibu kabisa na hema, na Sunny akacheka akasema hawa wanajua kibali cha Anko hakiwahusu. Elki hawakuwaona, waliona nyayo tu. Marehemu alikuwa anatembea hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika, midomo yake ikiwa ya buluu, na Mzee Mohinder alipomwambia warudi chini, alimjibu kwamba hajapanda ghorofa kumi na nne kuja kutazama hema.

Jumanne tarehe 12, saa kumi na nusu jioni, dume mmoja mwenye matawi sita kila pembe alitoka kwenye misonobari upande wa pili wa bonde, na majike wanne. Marehemu alilala kifudifudi, akaweka bunduki juu ya begi lake, akasubiri mpaka dume alipogeuka ubavu, akapiga. Mzee Mohinder alikuwa na darubini, na anasema mnyama hakuanguka, alikunja mgongo kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, akaingia msituni kwa kutembea. Wote watatu walijua maana yake. Marehemu alisema tu, "Nimepumua vibaya. Risasi imekwenda nyuma."

Kilichofuata hakuna asiyekuwepo aliyekifahamu mpaka juzi. Mzee Mohinder aliinuka akasema, "Twende, Laurean, twende sasa hivi kabla giza." Marehemu akamwambia, "Tulia, bwana. Ukimfukuza huyu atakwenda mpaka Denver. Mwache alale, asubuhi tutamkuta hapo hapo." Sunny akaonyesha mawingu nyuma ya kilele, akazungumza haraka kwa Kiingereza, na Mzee Mohinder akasema, "Anasema theluji inakuja." Marehemu aliyatazama mawingu, akafuta bunduki, akajibu, "Theluji naijua, nimeifagia kwenye reli miaka ishirini na minane, saa nne asubuhi imekwisha kuwa maji." Hakusema kwa kiburi, alisema kama mtu anayefuata kazi aliyofundishwa vizuri, na kule alikofundishwa ilikuwa kweli, damu ya jioni hungoja asubuhi juu ya majani makavu, lakini kule hakuna theluji, na theluji aliyoijua yeye ilikuwa ya London.

Asubuhi ya Jumatano theluji ilifika magotini. Walivuka bonde kwa saa mbili, wakafika mahali aliposimama dume, na hapakuwa na damu, wala unyayo, wala jani lililovunjika, palikuwa peupe kama shuka. Mzee Mohinder anasema marehemu alivua kofia, akasema, "Kosa ni langu. Sikilizeni, kosa ni langu mimi, wala si la theluji." Akagawa msitu kwa macho kama shamba, akaanza kupita mstari kwa mstari, kutoka mti hadi mti, akipekua theluji kwa fimbo chini ya kila mti ulioanguka.

Jumatano haikuwapa kitu. Alhamisi hivyo hivyo, ila saa tisa alasiri, wakiwa wamekaa kwenye gogo ili marehemu apate pumzi, dume mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, alitoka mbele yao peupe, hatua themanini hivi, akasimama ubavu, akawatazama. Sunny alimsukumia marehemu bunduki magotini, akimnong'oneza, "Piga, Anko, piga, piga." Kwa sheria ya kule, Sunny aliwaeleza baadaye, hakuna ambacho kingemzuia, lebo ya kibali ilikuwa bado haijafungwa kwenye mnyama yeyote, alikuwa ametafuta siku mbili kwa haki, na hakuna mtu mwingine mlimani ambaye angeuliza. Marehemu alitoa risasi kwenye bunduki, akazitia mfukoni. Yule dume akaondoka bila haraka.

Sunny alikasirika sana, na mnisamehe nikiyarudia maneno yake, kwa maana amenipa ruhusa kwa simu. Alisema, "Miaka tisa, Anko! Umekuja hapa kufa ama umekuja kuwinda?" Marehemu akamjibu kwa Kiswahili, na Mzee Mohinder akatafsiri, "Nimepewa mnyama mmoja, na mmoja nimeshampiga. Yuko humu ndani, ana risasi yangu tumboni, na wewe unataka nimtafutie mwenzake?" Sunny akasema huyo amekwisha kuwa chakula cha dubu. "Basi nikamwone dubu," akasema marehemu, akainuka.

Ijumaa tarehe 15, siku ya mwisho, marehemu hakuweza tena kutembea hatua kumi, alitembea tano. Mzee Mohinder alimwambia wazi kwamba anaogopa kumrudisha London ndani ya sanduku, nao wakakubaliana kwamba watatafuta mpaka saa sita mchana, isizidi. Saa tano marehemu aliinua mkono wanyamaze. Kunguru wawili walikuwa wanalia chini ya mteremko, upande ambao wao watatu hawakuupekua siku ya kwanza kwa sababu ulikuwa karibu mno na mahali alipopigiwa. Dume alikuwa amelala chini ya msonobari ulioanguka, amefunikwa na theluji mpaka masikio, hatua mia sita tu kutoka pale aliposimama, kama kanuni ya kwanza ilivyosema, karibu, akisubiri asubuhi.

Alikuwa amekufa kitambo. Elki ana manyoya mazito, na ingawa theluji ilikuwa juu yake, joto lilikuwa limebaki ndani na kuiharibu nyama. Marehemu alipiga magoti, akampasua, akanusa mapaja, akanusa mabega, akakata mpaka kwenye mfupa kila mguu akitafuta hata kipande kimoja kinachofaa kuliwa na mtu, saa nzima, mikono ikiwa imekufa ganzi, na hakukipata. Hapo akatoa mfukoni ile lebo ya kibali aliyoingoja miaka tisa. Sunny alimwambia, safari hii kwa sauti ya chini, "Anko, si lazima. Mfunike tu na theluji. Jua bado lipo, tunaweza kujaribu mpaka jioni." Marehemu akaandika tarehe, akasaini, akaifunga lebo kwenye pembe kwa mafundo mawili.

Sunny ndiye aliyepiga ile picha, na anasema aliipiga kwa heshima, kwa sababu hakuwahi kuona mtu akifanya vile. Aliituma kwa jamaa zake, ikatoka huko ikafika Southall, ikafika kwenye makundi yetu, na mnaikumbuka, marehemu amepiga magoti kwenye theluji akiwa ameshika pembe, hacheki. Pongezi zilikuja mpaka kutoka Bukoba. Pembe zenyewe aliziacha kule kule, akasema pembe ni za aliyekula nyama, na jioni ile, kabla ya kula chochote, aliwataka wampeleke kwa bwana nyama wa sehemu ile, akamsimulia yote, saa, mahali, na kosa. Yule bwana alimsikiliza, akauliza maswali, akaandika, kisha akamwambia kwamba mtu aliyetafuta siku tatu hana kesi kwake, akampa mkono.

Aliporudi London watu walimwita Mzee wa Elki, na kila alipopongezwa alijibu, "Yule nilimharibu," nasi tukadhani ni unyenyekevu wa wazee. Mwezi Machi mwaka huu alianza kutumia mashine ya oksijeni nyumbani. Mwanzoni mwa Aprili aliniita mezani, akaniomba nimwandikie maombi ya kibali kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na mimi huwa siharakishi herufi. Niliona kwamba pointi zote tisa zilikuwa zimefutika alipopewa kibali, anaanza sifuri. Nikamwuliza, "Baba, miaka tisa mingine?" Akasema, "Andika, mwanangu. Jina langu lote, usifupishe." Nikaandika. Wakati ule sikuelewa kwa nini mtu aliyekwisha kupata mnyama wake anaomba tena, na sasa ninaelewa kwamba hakuwa anaomba mnyama, alikuwa anaomba jioni moja ya kufuata damu bila kuchelewa.

Tarehe 11 Septemba 2025 hali yake ilibadilika, akalazwa, na Jumatatu tarehe 22 Septemba, saa tano asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, Geofrey akiwa kulia kwake, Editha kushoto, na Mzee Mohinder miguuni. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, ambao walimweleza ukweli kila alipouuliza, na yule aliyemruhusu kuweka ramani ya milima ukutani juu ya kitanda. Ninawashukuru majirani wa jengo letu, ghorofa kwa ghorofa, na hasa Bi Mardhiya, aliyeleta supu kila Ijumaa na bado akamsimanga hadi wodini. Ninawashukuru wenzake wa kikosi cha reli, mliokuja leo mkiwa mmetoka zamu moja kwa moja, paroko wetu na wanajumuiya, jamaa wa Biharamulo na Muleba mnaofuatilia kwa simu, na Sunny aliye Colorado. Mzee Mohinder, kwako sina neno linalotosha, ulimpandisha na ukamteremsha. Ninamshukuru pia Mzee Fanuel, na ninamwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa aliandika kwa upendo alichokuwa amesikia.

Sasa Baba, kazi yako imekwisha, ulale kwa utulivu, na ujue kwamba baada ya Mzee Mohinder kutusimulia habari zako, asubuhi iliyofuata nilimfunga Anastella mgongoni, nikapanda basi kabla watu hawajaenda kazini, nikabisha kwa Mzee Fanuel, nikamrudishia karatasi yake kwa mikono miwili, na aliponiambia kwamba msibani watu hawahitaji habari za nyama iliyooza, nikamjibu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Shikamoo, Baba, lakini hiyo ya risasi moja sitaisoma."